Mwamba Ngoma na Ngozi Yake: Injini ya Utafutaji Inapojiadhibu, na Maana Yake kwa Pwani ya Kusini

Utangulizi

Waswahili husema kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii imezoeleka mno darasani, kiasi kwamba huorodheshwa chini ya mada ya ubinafsi na mjadala ukaishia hapo. Hata hivyo, mwezi Januari 2012 lilitokea jambo ambalo, kwa mtazamo wa juu juu, liliikanusha. Kampuni ya Google, ambayo injini yake ya utafutaji ndiyo inayotumiwa na watu wengi zaidi duniani, iliushusha ukurasa wa bidhaa yake yenyewe, kivinjari cha Chrome, katika orodha ya matokeo. Mwamba ngoma alionekana kuilegeza ngozi upande wake. Makala haya yanalichunguza tukio hilo pamoja na mengine ya aina yake, kwa nia ya kuona iwapo methali imeshindwa au imeeleweka nusu tu. Mifano ya matumizi inatolewa katika pwani ya kusini ya Kenya, hasa Diani na Msambweni, ambako nafasi katika orodha hiyo ni suala la riziki.

Huenda pakaulizwa mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika mambo ya mitambo. Jibu si gumu. Orodha ya matokeo ni hukumu: inasema nani atangulie na nani asionekane. Suala la hakimu kuhukumu jambo linalomhusu mwenyewe ni la zamani katika fasihi yetu, na methali zilikuwa zikilizungumzia kabla ya umeme kufika Kwale.

Ushahidi wa Stendi ya Ukunda

Ni vyema kwanza kueleza namna injini hizi zinavyopanga orodha, kwa kuwa bila hivyo kosa lenyewe halitaeleweka. Tuchukue mgeni anayeshuka kwenye matatu pale Ukunda akitaka kujua nahodha gani wa Shimoni amwamini kwa safari ya Wasini. Atamuuliza mwenye duka, kisha dereva wa tuktuk, kisha muuza madafu. Wote watatu wakimtaja nahodha mmoja bila ya kushauriana, mgeni atamwelekea huyo. Na kama mmoja wa watatu hao ni mtu ambaye naye anaaminiwa na wengi, neno lake litakuwa na uzito kuliko la mpita njia.

Wazo hilo ndilo Larry Page na Sergey Brin walilolijenga wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kabla ya kuanzisha kampuni yao mwaka 1998. Kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kilihesabiwa kuwa ushahidi, na ushahidi wa tovuti inayoheshimiwa ukapewa uzito zaidi. Mambo mengine mengi yameongezwa tangu hapo, lakini msingi huo haujaondolewa.

Udhaifu wake unaonekana mara moja. Nahodha anaweza kumpa muuza madafu shilingi mia mbili ili amtaje. Ushahidi ukishanunuliwa, si ushahidi tena. Kwa sababu hiyo Google iliweka sharti: kiungo kilicholipiwa lazima kiwekewe alama ya kiufundi, iliyobuniwa mwaka 2005, inayoiambia injini isikihesabu. Anayenunua viungo visivyo na alama hiyo hushushwa nafasi au hufutwa kabisa katika orodha.

Jambo moja la kustaajabisha ni kwamba katika makala yao ya mwaka 1998 wanafunzi hao wawili walitahadharisha kuwa injini inayoishi kwa fedha za matangazo itaelekea kuwapendelea wanaoilipa, na kuyapa kisogo mahitaji ya anayetafuta. Waliiona ngozi ikivutwa hata kabla ya kuiwamba ngoma yao wenyewe. Baadaye kampuni yao ikaja kuishi kwa fedha za matangazo.

Siku Sitini za Chrome

Mwanzoni mwa Januari 2012, Aaron Wall na Danny Sullivan, waandishi wawili wa Marekani wanaofuatilia mambo ya utafutaji, walifichua kwamba zilikuwapo makala nyingi za wanablogu zilizolipiwa ili kuisifu Chrome. Nyingi zilikuwa makala hafifu, zilizoandikwa ilimradi nafasi ijae, zikiambatana na video ya tangazo kuhusu kampuni ya unga ya jimbo la Vermont. Katika makala mojawapo kilikutwa kiungo kilichoelekea moja kwa moja kwenye ukurasa wa kupakulia Chrome, bila ile alama inayotakiwa. Yaani kampuni iliyokuwa ikiwaonya watu wote dhidi ya ushahidi wa kununuliwa ilikutwa na shahidi aliyelipwa.

Google ilijibu kwamba haikuwa imeidhinisha ununuzi wa viungo. Fedha zilikuwa za matangazo ya video, na mawakala waliofanya kazi hiyo walikwenda nje ya makubaliano. Hata hivyo haikujificha nyuma ya utetezi huo. Matt Cutts, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha kupambana na udanganyifu wa aina hiyo, alitangaza kwamba ukurasa wa Chrome ungeshushwa kwa muda usiopungua siku 60. Baada ya hapo wahusika wa Chrome wangeruhusiwa kuwasilisha ombi la kuangaliwa upya kama mtu mwingine yeyote. Kampuni ilisema pia kuwa imejichukulia hatua kali kuliko ambavyo ingeichukulia tovuti ya kawaida yenye kosa kama hilo. Kwa siku hizo, aliyetafuta neno la kivinjari kwa Kiingereza hakuuona ukurasa wa Chrome mahali ulipokuwa umezoeleka.

Halikuwa tukio la kwanza. Mwaka 2005 kurasa za msaada za huduma ya matangazo ya Google ziliondolewa katika orodha baada ya kugundulika kwamba zilikuwa zikiionyesha injini maneno ambayo msomaji hakuonyeshwa. Februari 2009 tawi la Japani liliwalipa wanablogu waitangaze huduma yake mpya. Alama ya heshima ya tovuti ya tawi hilo ikateremshwa kutoka 9 hadi 5. Machi 2011 Google iliinunua BeatThatQuote, tovuti ya Uingereza ya kulinganisha bei, kwa pauni milioni 37.7. Siku chache tu baadaye tovuti hiyo ikashushwa kwa sababu ya viungo vyake vya hila. Kuliadhibu jambo ulilolinunua wiki hiyo hiyo kwa mamilioni si kitendo kidogo, na makala haya hayaoni sababu ya kukiita mchezo wa kuigiza. Adhabu zilikuwa za kweli. Linalobaki ni kuuliza ziligusa nini.

Kinyozi na Kisogo Chake

Hapa methali ya pili inahitajika: kinyozi hajinyoi. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa fundi hawezi kujihudumia kwa ufundi wake mwenyewe na anamhitaji mwenzake. Lakini ukiitazama taswira yenyewe, tatizo la kinyozi haliko mkononi. Mkono wake ni hodari na wembe ni mkali. Tatizo ni kwamba hakioni kisogo chake. Anaweza kujinyoa utosi na mashavu, na kisogoni akapita kwa kukisia, isipokuwa pawe na mtu wa kumshikia kioo.

Katika matukio yaliyotajwa hapo juu, kioo kilishikwa na watu wa nje. Kurasa za mwaka 2005 ziligunduliwa na wenye tovuti, si na Google. Mambo ya Japani yalisemwa kwanza na wanablogu wa huko, na viungo vya BeatThatQuote vilianikwa na wataalamu wa utafutaji mara tu habari za ununuzi zilipotoka. Adhabu ya Chrome nayo ilifuata siku chache baada ya Wall na Sullivan kuandika. Kinyozi alijinyoa, ndiyo, lakini baada ya waliokuwa barazani kumwonyesha palipobaki nywele.

Neno adhabu nalo linafaa kupimwa. Katika Kiswahili adhabu ina maumivu ndani yake. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa mateso, na mtumiaji wa lugha hulisikia hilo hata pasipo kulifundishwa. Je, Chrome iliumia? Kwa hesabu za kampuni ya StatCounter, Chrome ilikuwa imeipita Firefox mwishoni mwa 2011, na Mei 2012, muda mfupi baada ya zile siku 60 kwisha, ikaipita Internet Explorer na kuwa kivinjari kinachotumiwa zaidi duniani. Adhabu iligusa mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi. Google ilikuwa na kurasa zake nyingine, matangazo yake na simu zenye mfumo wa Android.

Linganisha na Foundem. Hii ilikuwa tovuti ya kulinganisha bei iliyoanzishwa Uingereza na mume na mke, Adam na Shivaun Raff. Ilishushwa katika matokeo ya Google mwaka 2006, muda mfupi baada ya kuzinduliwa, nayo ikakaa chini hadi mwishoni mwa 2009. Ni zaidi ya miaka mitatu kwa tovuti iliyokuwa na mlango mmoja tu. Kampuni ya magari ya BMW, ambayo tovuti yake ya Ujerumani ilifutwa katika orodha Februari 2006 kwa kosa la kurasa za hila, ilirudishwa baada ya siku chache. Chrome ilipata siku 60. Kwa hiyo ni kweli kwamba Google ilijihukumu kwa ukali kuliko ilivyomhukumu tajiri mwenzake, lakini mkali zaidi ya wote alikuwa yule hakimu aliyemwona Foundem.

Mwezi Ule Ule, Nairobi

Wakati kivinjari cha Chrome kikitumikia adhabu yake, Nairobi kulitokea jambo ambalo wanafunzi wa Kenya wangepaswa kulijua kuliko hadithi ya kampuni ya unga ya Vermont. Tarehe 13 Januari 2012, kampuni ya Mocality ilichapisha ushahidi dhidi ya Google. Mocality ilikuwa na orodha ya biashara za Kenya, zaidi ya 100,000, iliyokusanywa kwa kuwatumia watu wa mitaani wenye simu za mkononi, nao wakalipwa kwa kazi hiyo. Ilikuwa orodha ya vinyozi, mafundi seremala, wauza vipuri na mama lishe, watu ambao hakuna injini iliyokuwa ikiwajua.

Mocality iligundua kwamba wafanyabiashara waliomo katika orodha yake walikuwa wakipigiwa simu na watu waliojitambulisha kuwa wa mradi wa Google wa kuwapatia Wakenya tovuti. Ili kupata hakika, ilitega mtego: wageni waliotiliwa shaka walipofungua orodha, walionyeshwa namba za simu za ofisi ya Mocality yenyewe badala ya namba za kweli za wafanyabiashara. Simu zikaingia, zikarekodiwa. Wapigaji walisikika wakidai kwamba Google na Mocality walikuwa wakishirikiana, jambo ambalo halikuwa kweli. Nelson Mattos, mmoja wa makamu wa rais wa Google, alikiri na kuomba radhi hadharani.

Ni siku kumi hivi zinazotenganisha matukio haya mawili, na tofauti yake inafundisha. Kosa la Chrome lilikuwa na kifungu chake katika kanuni: kiungo, alama, siku 60. Kosa la Nairobi halikuwa na kiungo kilichonunuliwa, hivyo kanuni za orodha hazikuwa na la kusema. Kuchuma jasho la mtu aliyetembea jua kali mtaa hadi mtaa akiandika namba za simu hakukuwa aina ya kosa ambalo mwenye injini alikuwa amejiandalia adhabu ya nafasi. Mocality yenyewe ilifungwa mwaka 2013.

Ngozi ya Ngoma

Turudi kwa mwamba ngoma. Wadigo wa Kwale wana ngoma yao ya sengenya, na yeyote aliyewahi kuisikiliza anajua kwamba ngozi isiyovutwa sawasawa hutoa mlio wa kombo. Mwambaji anayevutia kwake hauibi upande wa mwenzake kwa kelele. Anavuta kidogo kidogo, na mchezaji aliye uwanjani husikia tu kwamba mlio umebadilika, asijue umebadilishwa na nani. Adhabu za Google zilihusu misumari iliyopigwa vibaya pembeni mwa ngoma. Mvuto wa ngozi nzima ulikuwa suala jingine.

Suala hilo lilihukumiwa na watu wengine. Mwaka 2009 wale wenye Foundem waliwasilisha malalamiko yao kwa Tume ya Ulaya. Tarehe 27 Juni 2017 Tume iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42. Ilisema kwamba kampuni ilikuwa ikiiweka huduma yake ya kulinganisha bei mahali pa juu panapoonekana, huku kanuni zake za kupanga matokeo zikiwashusha washindani. Msomaji azingatie nukta moja katika uamuzi huo: kanuni zile zilizowashusha wengine hazikuihusu huduma ya Google yenyewe. Kampuni ilikata rufaa mara mbili na kushindwa mara mbili, mara ya mwisho tarehe 10 Septemba 2024 katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambapo mkono mmoja uliushusha ukurasa wa Chrome kwa siku 60 mbele ya watu, mkono mwingine ulikuwa ukiinua bidhaa nyingine ya nyumba hiyo hiyo, na hilo lilichukua miaka saba na nusu kuamuliwa tangu lilipolalamikiwa.

Shaaban Robert alilitazama tatizo la namna hii katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951. Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria, anajitetea mbele ya baraza ambalo lenyewe ndilo lililowatupa gerezani wajumbe sita anaowasimulia. Mwishowe baraza linajirekebisha na wafungwa wanaachiwa. Wahakiki wengine huuona mwisho huo kuwa wa ndoto. Lakini baraza halijirekebishi kwa hiari yake. Linarekebishwa na mshtakiwa anayelisomea makosa yake siku baada ya siku.

Diani na Msambweni

Yote haya yanamhusu nini mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne Msambweni? Uchumi wa Kwale umeegemea utalii zaidi tangu mgodi wa titani ulipositisha uchimbaji mwishoni mwa 2024. Diani ina jina kubwa. Imekuwa ikitajwa mara nyingi katika tuzo za utalii za dunia kuwa ufukwe bora barani Afrika. Mgeni hupanga safari akiwa kwao, kwa kuandika maneno mawili matatu katika injini ya utafutaji. Kinachomjia juu kabisa huwa ni matangazo yaliyolipiwa, kisha vielelezo vya bei na ramani vya injini yenyewe, kisha tovuti kubwa za madalali wa vyumba. Nyumba ya Msambweni, hata ikiwa na tovuti yake, iko mbali huko chini. Basi mwenyewe hujiunga na dalali na kumkatia fungu katika kila chumba.

Kuanzia Machi 2024 Umoja wa Ulaya una sheria ya masoko ya kidijitali inayowakataza wenye injini kubwa kuzipendelea huduma zao katika orodha. Matokeo yake ni kwamba mtu anayetafuta hoteli ya Diani akiwa München anaonyeshwa ukurasa uliopangwa chini ya sheria hiyo, na anayetafuta hoteli hiyo hiyo akiwa Nairobi anaonyeshwa ukurasa usio chini yake. Kenya ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, inayokataza matumizi mabaya ya nguvu za soko kwa jumla, lakini haikuandikwa kwa kufikiria orodha za utafutaji. Namna hii mwenye nyumba wa Msambweni analindwa na Brussels kwa mgeni wa Kijerumani, na hana wa kumlinda kwa mgeni wa kutoka Nakuru.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ulinzi huo ni asali tupu. Google ilipoondoa baadhi ya vielelezo vyake Ulaya, ilidai kwamba walionufaika ni madalali, na kwamba hoteli zilipoteza wageni waliokuwa wakija kwao moja kwa moja. Novemba 2024 ilifanya jaribio Ujerumani, Ubelgiji na Estonia la kurudisha ukurasa wa viungo vitupu kama wa zamani. Dai hilo linatoka kinywani mwa mwenye kesi na lipokewe kwa tahadhari hiyo, ingawa baadhi ya wenye hoteli Ulaya walilalamika vivyo hivyo. Ngozi ikiachiwa na mmoja, yupo mwingine wa kuivuta. Machi 2025 Tume ilitoa maoni ya awali kwamba Google bado ilikuwa ikizipendelea huduma zake, za hoteli zikiwemo.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, orodha yenyewe inabadilika. Tangu 2024 Google imekuwa ikiweka juu ya matokeo jibu lililotungwa na akili mnemba kutokana na kurasa za watu wengine. Aliyeuliza habari za Msambweni anaweza kusoma aya moja na kuondoka bila kufungua tovuti yoyote. Ukurasa wa Chrome ungeweza kushushwa kwa sababu ulikuwa na nafasi katika orodha, wa tatu au wa thelathini. Jibu linalokaa juu ya orodha halina namba. Atakayetaka kuliadhibu atalazimika kwanza kuamua alishushe kutoka wapi.